Mashoga wa Dorothy na Marafiki wa Bill

Kwanza niseme hili tusije tukagombana mbele: mimi sikuwa nimelewa. Watu watatu walionishika mikono pale Puerto Vallarta wataapa kwamba nilikuwa chakari, na mmoja wao ni mama mtu mzima asiyejua kusema uongo. Lakini nilichokunywa ni bilauri moja na nusu ya tembo tamu kama maji ya dafu, na kilichobaki kilikuwa jua, mbio na hesabu za saa.

Safari yenyewe ilikuwa wazo la shoga yangu. Hapa inabidi nifafanue, maana neno hili lina mambo yake. Kwetu Mombasa mwanamke humwita rafikiye wa kike shoga, na bibi yangu alikuwa na mashoga saba waliokuja kila Ijumaa alasiri kunywa kahawa na kuwasema wasiokuwepo. Neno hilohilo ndilo mtaani wanalotutupia mimi na wenzangu, na hawatutupii kwa mapenzi. Basi huyu rafiki yangu, Mmombasa mwenzangu ninayefanya naye kazi katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na Seattle, huniita shoga kwa maana zote mbili kwa mpigo. Mimi namwita shoga kwa maana moja. Tunaelewana.

Tulikata tikiti pamoja: siku saba mwezi wa Februari, kutoka Long Beach hadi Mexico na kurudi, bandari tatu, Cabo San Lucas, Mazatlán na Puerto Vallarta. Siku kumi kabla ya kuondoka, kazini wakamnyang'anya likizo. Alilia, akatukana, akapangusa machozi, kisha akasema, "Basi utakwenda peke yako, lakini ratiba nitakupangia mimi."

Huyu ni mtu ambaye hata matanga huyapanga kwa jedwali. Aliniandikia kila bandari na rangi yake: wapi pa kushuka, wapi pa kula, gari gani la kupanda, saa ngapi kurudi. Saa zote ameziandika kwa Kiswahili, kama mtu mstaarabu, asubuhi ikianza saa kumi na mbili. Chini ya kila ukurasa, kwa wino mwekundu: MWISHO WA KUPANDA MELI SAA KUMI NA NUSU, OLE WAKO.

Mimi upande wangu nilichunguza sheria. Kwetu Kenya kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu kinaweza kukupa miaka 14, kwa hiyo sikanyagi nchi ya watu kabla sijasoma inasema nini kuhusu watu kama mimi. Mexico ilinifurahisha: tangu Oktoba 2022 ndoa ya watu wa jinsia moja inafungwa nchi nzima. Nilipomwambia shoga, akajibu, "Basi usirudi mikono mitupu."

Ila nitawapataje wenzangu kwenye meli ya watu elfu kadhaa? Hilo pia alikuwa na jibu, alilolipata kwa binti wa mzee mmoja tunayemhudumia. "Melini wenzenu hukutana kwa jina la fumbo. Tazama kwenye ratiba ya siku, utaona limeandikwa 'marafiki wa' fulani."

"Fulani nani?"

"Sikumbuki, shoga. Jina la Kizungu."

Siku ya pili tukiwa katikati ya bahari nikafungua programu ya meli kwenye simu. Yoga, bingo, mnada wa picha, na kweli, saa kumi na moja jioni, chumba cha kuchezea karata: Marafiki wa Bill W. Moyo ukadunda. Nikateremka kidogo kwa kidole, nikaona lingine, saa tatu usiku, baa ya nyuma: Marafiki wa Dorothy.

Nikakaa nikafikiri kwa dakika kama tano, na mawazo yangu yalikuwa na mantiki kabisa. Bill ni jina la mwanamume, Dorothy ni la mwanamke. Kumbe meli hii imepangwa kwa adabu, kama harusi ya kwetu, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Madada wanaopenda madada wana Dorothy wao, sisi tuna Bill wetu. Nikavaa shati la maua, nikajipulizia uturi, nikashuka.

Nilichelewa dakika kumi, na kuchelewa kule ndiko kulikoniponza, maana utambulisho ulikuwa umepita. Nilikuta watu tisa wamekaa kwa duara, kahawa mkononi. Nilishangaa kuona wanawake watatu, lakini nikasema moyoni, labda ni wasindikizaji. Nilishangaa pia kwamba wengi walikuwa wa umri wa baba yangu. Nikajiambia usibague, hata hao walikuwa vijana.

Yaliyosemwa mle na wengine sitayasimulia, ndilo sharti lao na naliheshimu mpaka leo. Niseme tu kwamba yalikuwa mambo ya kuficha miaka mingi, kumdanganya mke, mama kulia, na siku ile mtu anapoamua kusema ukweli. Mimi machozi yalinilengalenga. Nilihisi nimefika nyumbani. Kwa hiyo mzee mmoja mwenye kofia ya kuvulia samaki aliponigeukia na kuuliza kama mgeni angependa kusema neno, nilisimama. Hakuna mwingine aliyesimama, lakini sisi kwetu ukipewa nafasi ya kusema unasimama.

"Natoka Mombasa," nikasema, "na leo ni mara yangu ya kwanza kuja kwenye mkutano kama huu."

Wakanipigia makofi.

"Nilijijua tangu ujana, lakini nilijificha. Kwetu ukikamatwa ni miaka kumi na minne jela."

"Mungu wangu," akasema mama mmoja.

"Mama yangu alipojua alilia siku tatu, akaniletea shehe anisomee."

Vichwa vikatikiswa. Mzee wa kofia akavua miwani akaifuta.

"Lakini nilipofika Marekani nikasema basi, sijifichi tena. Wikendi tunakutana, tunajiachia mpaka alfajiri, na asubuhi simuombi mtu radhi."

Hapo chumba kilinyamaza. Nikadhani nimewagusa.

"Na wiki hii, nawaambia ukweli, nimekuja kutafuta. Bandari ni tatu, na kila bandari nimeshapanga wapi nitaanzia."

Nilikaa. Mzee wa kofia, nitamwita Mzee Kofia, alinishika bega kwa mkono mzito kama kasia. "Ndugu," akasema, "twende siku moja moja."

"Mimi hata siku mbili kwa mpigo siogopi," nikamjibu.

Baada ya mkutano alinivuta pembeni, akaniandikia namba ya kabini yake na ya simu. "Hamu ikikushika usiku wa manane, usione haya. Nipigie, nitakuja saa hiyohiyo. Mke wangu anajua, hana neno. Mara nyingine huja naye."

Jamani. Nilimtazama yule mzee wa miaka sabini na ushee, suruali imepandishwa mpaka kifuani, nikasema ahsante kwa sauti nyembamba. Nimeishi Marekani miaka tisa na nilidhani nimeona yote.

Kisha akanitia kitu kiganjani. Sarafu nyepesi ya bati, na katikati pembetatu. Pembetatu! Alama yetu ya tangu enzi. Ukingoni imeandikwa uwe mkweli kwa nafsi yako, nikaona hawa watu kweli wamejipanga. Na katikati: saa 24. Nikaigeuzageuza nikaelewa. Ni tokeni ya baa. Kinywaji cha kumkaribisha mgeni, kinaisha muda baada ya saa 24.

Asubuhi kwenye bufee nikakutana naye na mkewe, mama mfupi mwenye nywele nyeupe kama pamba.

"Umelalaje?" akaniuliza kwa wasiwasi.

"Peke yangu, mzee."

"Hongera sana," wakasema wote wawili, na mama akanikumbatia.

Cabo San Lucas meli haifungi gatini, mnashushwa kwa boti. Kule mwisho wa nchi kuna mwamba mkubwa wenye tao, na kando yake ufuo wa mchanga unaoitwa Ufuo wa Mapenzi. Ukivuka mchanga kwenda upande wa pili unakuta bahari kuu inapiga kwa hasira, na huo wanauita Ufuo wa Talaka. Ni mwendo wa dakika mbili kutoka mmoja hadi mwingine, na nina rafiki ambaye ndoa yake ilienda kasi hiyohiyo. Simu yangu niliiacha imezimwa mtandao, naogopa gharama za ng'ambo kuliko papa.

Jioni, zikiwa zimebaki saa kama mbili tokeni yangu iishe muda, nikaenda baa nikaiweka mezani kwa mbwembwe. "Nipe kitu kikali."

Mhudumu alikuwa Mfilipino wa makamo mwenye uso wa kuungamiwa. Akaitazama sarafu, akanitazama mimi, akaisukuma taratibu irudi kwangu kwa kidole kimoja. Halafu akanimiminia maji ya nanasi.

"Hii haikufikia muda?" nikauliza.

"Bwana," akasema kwa sauti ya chini, "hii si ya baa. Hii ni ya watu walioacha pombe. Bill alikuwa mlevi wa Marekani. Mwaka 1935, kule Akron, Ohio, yeye na daktari mmoja mlevi mwenziwe walianza kusaidiana kuacha. Sasa wanakutana dunia nzima. Saa 24 ni siku yako ya kwanza bila kunywa."

Sijui kama mmewahi kukumbuka hotuba yenu neno kwa neno mkiwa mmekaa kwenye kiti kirefu mbele ya maji ya nanasi. Nilianza na miaka kumi na minne jela. Nikapita kwa shehe. Nilipofika kwenye "bandari tatu, na kila bandari nimeshapanga", nililaza kipaji cha uso juu ya kaunta.

"Na Dorothy?" nikauliza nikiwa vilevile nimeinama.

"Aa," akasema, na sauti ikachangamka. "Dorothy ndio nyinyi. Saa tatu, hapahapa."

Marafiki wa Dorothy. Mashoga zake Dorothy! Ningekuwa nimetafsiri kwa Kiswahili cha bibi yangu tangu mwanzo, ningejua saa ileile.

Saa tatu wakaja kumi na mmoja. Wazee wawili Wakanada wenye fulana sare, pamoja miaka 31. Dada wawili wa Portland, mmoja dereva wa lori, mikono kama ya baharia. Mwalimu mstaafu, kijana mmoja mpole aliyekuja na mama yake, na wengineo. Nikawasimulia kisa changu, wakacheka mpaka dereva wa lori akapaliwa. Yule mwalimu akaniliwaza kwa hadithi ya kweli: mwanzoni mwa miaka ya 1980, wapelelezi wa jeshi la majini la Marekani huko Chicago walisikia kwamba mashoga hujiita marafiki wa Dorothy. Wakaamini kwamba yuko mwanamke kwa jina hilo, kigogo wa mtandao mzima, wakaanza kumsaka ili awataje mabaharia wote. Nikapata nafuu. Angalau mimi kumchanganya Dorothy sikulipwa mshahara.

"Nenda kamweleze yule mzee," wakaniambia. Nikasema kesho.

Kesho yake Mazatlán nilimwona kwa mbali nikajificha ndani ya teksi. Teksi za pale ni vigari vya wazi visivyo na milango, ndugu wa tukutuku, na wenyeji wanaviita "nimonia", kwa ule upepo unaokupiga. Jioni nilikutana naye kwenye lifti, nikafungua mdomo nimwambie, naye akanikatiza: "Siku ya pili hiyo. Najivunia wewe kama mwanangu." Mlango ukafunguka kwenye sitaha yake, akatoka. Ungemwambia wewe?

Puerto Vallarta ndiyo bandari tuliyokuwa tukiingoja. Mexico nzima, pale ndipo wenzetu hukusanyika, mtaa wa kusini mwa mto Cuale wanaouita Zona Romántica, na ufuo wake, Playa de los Muertos, yaani Pwani ya Wafu. Jina la kutisha, lakini wafu wenyewe nimewaona wana vifua vizuri sana. Tulishuka watu sita wa Dorothy na jedwali la shoga yangu mkononi mwangu. Ilibidi niwasomee mimi, maana Mkanada mmoja alilitazama, akaisoma saa saba yetu kama saba ya Kizungu, akauliza kwa nini chakula cha mchana tunakila usiku.

Tulipanda basi la kawaida lililoandikwa Centro kiooni, dereva anaendesha kama anadaiwa. Tukashuka tukatembea barabara ya ufukweni, Malecón, penye masanamu, na pale ndipo nikasimama kama nimepigwa msumari. Mzee mmoja wa kofia ya ukindu amekaa kivulini, pembeni yake bule kubwa, buyu hasa, na anamimina kitu cheupe chenye wekundu kwa mbali.

Ile rangi naijua. Jirani yetu Mombasa alikuwa Mgiriama, mgema, nami utotoni nikitumwa kwake kupeleka vyombo, nikirudi na harufu hiyo puani.

"Tuba," akasema mzee.

Ilikuwa ni maji ya mnazi unaogemwa. Tembo! Yule mhudumu wa baa alikuwa ameniambia usiku uliopita kwamba nikiliona nisilipite: ni la kwao Ufilipino, jina na ufundi vyote vilivushwa bahari na mabaharia wa kule enzi za merikebu za Manila za Wahispania. Hapa wanalinywa lingali bichi, halijachacha, juu yake wananyunyizia tufaha lililokatwakatwa na kokwa. Kokwa! Mgiriama wetu angeona watu wananyunyizia tufaha kwenye mnazi angejua dunia imefika ukingoni. Lakini lilikuwa tamu. Nikamsifu yule mzee kwa mikono yote miwili, na sikujali kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Ufukweni tukafikia upande wenye viti vya kijani na vya buluu, ndiko kwetu. Kuna samaki wanaochomwa juu ya vijiti kama mishkaki, na wachuuzi wanawaita pescado embarazado. Kijana aliyekuja na mama yake, ambaye Kihispania anakijua, akatutafsiria: samaki mjamzito. Ni utani wa maneno, kumbe asili yake ni samaki aliyechomwa kwenye kijiti, ukitamka harakaharaka unasikia mimba. Nilikula wajawazito wawili. Mbele yetu ghuba imetanda, na mara moja mbali sana tukaona mgongo wa nyangumi, mweusi, unang'aa, halafu maji tena. Niliona lazima shoga aone hapa nilipo. Nikafunga macho, nikawasha mtandao, potelea mbali gharama, nikampigia picha ufuo mzima nikaituma.

Sauti yake ikarudi papo hapo. "Shoga! Pazuri! Lakini huko ni saa ngapi? Mbona bado umelala ufukweni? Si nimekuandikia saa kumi na nusu mlango wa meli unafungwa?"

Nikatazama simu. Saa kumi na dakika ishirini na mbili.

Sasa nieleze kitu ambacho kapteni alikieleza mara tatu kwa spika nami mara zote tatu nilikuwa nakoroma. Meli yetu haikubadilisha saa. Ilibaki na saa ya California safari nzima. Puerto Vallarta mwezi wa Februari iko mbele ya California kwa saa mbili. Simu yangu, kwa kuwa ilizimwa mtandao tangu Long Beach, ilikuwa na saa ya meli, vizuri kabisa. Nilipoiwasha tu, ikashika mnara wa Mexico, ikajirusha mbele saa mbili bila kuniaga. Kwa saa ya meli ilikuwa bado saa nane na dakika ishirini na mbili. Mimi niliona dakika nane kati yangu na kuachwa ugenini na suruali ya kuogelea.

Niliruka. Wakanada walikuwa wamelala, dada wa Portland wako majini. "Meli! Meli inaondoka!" nikapiga kelele. Dereva wa lori akanipungia mkono, akasema kitu, wimbi likakimeza. Basi, kila mtu na roho yake. Nikachukua kandambili mkononi, nikakimbia.

Sijakimbia hivyo tangu shule ya msingi. Teksi zote zilikuwa na watu, basi limesimama kwenye foleni, nikaona miguu yangu ndiyo tegemeo. Nikavuka daraja la Cuale, nikaingia Malecón, jua linachoma, mate yamekauka, naona nyota. Yule mgema akanitambua. Kwa huruma tu, bila kuuliza, akanyoosha bilauri. Nikainywa nusu kwa mkupuo mmoja, nyingine ikapita shingoni ikaingia kifuani.

Nilipoteremsha bilauri, mbele yangu walikuwa Mzee Kofia, mkewe, na bwana mmoja wa lile duara.

Hawakusema kitu. Walitazama bule. Walitazama bilauri. Walitazama miguu yangu mitupu, macho mekundu ya chumvi, na kifua kinachochuruzika.

"Mwanangu," akasema mama, "hicho ni nini?"

Ningeweza kusema maji ya nazi. Ningeweza kusema sharubati. Lakini pumzi ilikuwa imekatika na Kiingereza nacho kimekimbia, na neno lililokuja ni lile tunalotumia sote tukiwaeleza Wazungu kuhusu mnazi.

"Mvinyo," nikahema, "wa minazi."

Mzee Kofia akafumba macho.

"Meli inatuacha!" nikasema nikimshika shati. "Tumechelewa!"

"Tumechelewa? Unadhani ni saa ngapi?"

Na hapa, wasomaji wangu, mtanielewa nyinyi tu. Mtu akipatwa na kiwewe hurudi kwenye saa aliyofundishwa na mama yake. Nilitaka kusema saa kumi na nusu, nikaisema kwa Kiingereza, neno kwa neno.

"Ni kumi na nusu!"

Mama akatazama saa yake ya mkononi. Saa nane na nusu mchana, kwao mbili na nusu. Simu yangu inasema nne na nusu. Mimi naapa kwa jina la Mungu kwamba ni kumi na nusu.

"Asubuhi au usiku?" yule bwana wa tatu akauliza, kwa upole mkubwa.

Wakanibeba. Sina neno lingine. Mmoja kwapa hili, mmoja kwapa lile, mama nyuma ameshika kandambili zangu. Teksi ilipatikana hapohapo, maana aliyenyookewa hakosi teksi. Njia nzima Mzee Kofia alinisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoanguka mara nne kabla hajasimama, na kwamba kuanguka si mwisho, nami kila nikifungua mdomo kueleza, mama ananipa maji.

Pale gatini, kwenye foleni ya kukaguliwa, palikuwa na watu kama thelathini na mifuko yao ya kofia na vanila. Niliona nisipojieleza sasa nitashushwa Long Beach kwenye gari la wagonjwa. Nikajichomoa mikononi mwao.

"Mnielewe!" nikapaza sauti. "Mimi si mlevi! Mimi ni shoga!"

Foleni nzima ikageuka. Mlinzi akasimama na kadi ya mtu mkononi.

Mama yule wa nywele nyeupe akanishika shavu kwa kiganja chake cha baridi. "Mwanangu," akasema, "unaweza kuwa vyote viwili."

Juu ya mashine ya kukagulia kulikuwa na saa kubwa ya meli. Saa tisa na dakika tatu. Chini yake ubao: mwisho wa kupanda, saa kumi na nusu. Nikaitazama ile saa, nikatazama simu, nikakaa chini pale pale kwenye zulia.

Niliwaeleza yote, Bill, Dorothy, tokeni, saa za Kiswahili, tembo bichi. Walinisikiliza mpaka mwisho, wamenyamaza, huku wakitikisa vichwa vya kukubali, kama ninavyowasikiliza mimi wale wazee wetu wa Seattle wakiniambia basi la kwenda nyumbani limefika. Kisha wakaninywesha kahawa tatu. Wenzangu wa Dorothy walirudi saa kumi na robo, wametulia, wamechomwa jua, wameniletea samaki mjamzito mmoja kwenye karatasi. Siku mbili zilizobaki, kila nilipokaribia baa yule Mfilipino alikuwa ameshamimina nanasi.

Mume sikurudi naye, ila Wakanada wamenialika kwao kiangazi hiki, na shoga amekwisha andaa jedwali.

Februari iliyofuata tulikuwa kwake, siku yake ya kuzaliwa, glasi yangu imejaa ndiyo kwanza naiinua. Simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa Mzee Kofia: "Mwaka mmoja leo tangu Vallarta. Mimi na mama tumekukumbuka. Bado umesimama?"

Nikautazama ujumbe. Nikaitazama glasi.

"Nani?" shoga akauliza.

Nikamwonyesha. Akausoma, akainyanyua glasi yangu, akainywa yote mpaka tone la mwisho, akaniwekea tupu mezani.

"Haya," akasema. "Mjibu."

Nikamwandikia kwamba nimesimama.